Daraja Lililofuliwa

Machi 4

Binti yangu kaninunulia daftari. Kasema, "Baba, andika humo, usiwe unashuka kuzungumza na wateja wangu." Yeye na mumewe wana duka la udobi hapa chini, sisi wazee tunaishi juu yao, na mimi nina tabia ya kushuka kuwauliza wateja nguo zao zimechafukaje. Wengi hucheka. Mmoja, aliyeleta shati lenye rangi ya mdomo kwenye ukosi, hakucheka, na hajaonekana tena.

Basi naandika. Shule niliacha darasa la tano kwa makubaliano: mwalimu alitaka niondoke na mimi nikakubali. Atakayekuta makosa humu ayachukue, ni yake.

Machi 6

Mvua ya kwanza. Paa linavuja palepale pa mwaka jana, kwenye korido. Nimeweka ndoo. Nimempigia fundi bati. Kasema kesho.

Machi 7

Fundi bati kasema kesho.

Machi 9

Mvua tangu alfajiri, sina pa kwenda, nitaandika mambo ya maana.

Mke wangu namwita Bi Mkubwa, ingawa bi mdogo hayupo na hajawahi kuwepo, si kwa kukosa nia bali kwa kukosa ujasiri. Macho yake yamefunga kidogo kidogo tangu kabla binti hajaolewa. La kushoto lilizima kabisa mwaka jana. La kulia linaona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Mimi ananitambua kwa kikohozi. Hospitali ya macho iko ng'ambo ya mto, na wametupa tarehe, Aprili 26. Daktari ni kijana, ana mikono laini kama ya mtu asiyewahi kuosha sufuria, lakini hakutuficha. La kushoto basi tena. La kulia watalijaribu mara moja. Tukiikosa siku hiyo tutaanza foleni upya, na jicho lenyewe halitasubiri foleni.

Tulipotoka nikamuuliza Bi Mkubwa, "Ukifunguliwa unataka kuona nini kwanza?" Nikajiweka sawa kola.

Kasema, "Daraja."

Daraja ni picha. Iko ukutani kwenye korido tangu tuhamie hapa. Si picha ya kamera. Ni mchoro wa kale wa daraja la mawe la mji wetu huu, uliochongwa mstari kwa mstari kwenye bamba la shaba, bamba likapakwa wino, likagandamizwa kwenye karatasi. Bi Mkubwa alipokuwa msichana alikuwa akifuta vumbi kwenye duka la vitabu vikuukuu karibu na daraja lenyewe. Duka lilipofungwa, mwenye duka akamwambia achague kitu kimoja aende nacho. Watu wote walidhani atachukua saa ya ukutani. Akachukua picha. Mwenye duka akamuuliza kwa nini. Kasema, "Saa itanieleza nimechelewa. Hii haina haraka."

Wiki ileile mimi nilikuwa juu ya ngazi pale darajani, nikiwa mpaka rangi wa manispaa, napaka nguzo za taa, nikadondosha rangi ya kijani kwenye mwavuli wa msichana anayepita na picha kwapani. Mengine yote maishani mwangu yametokana na tone lile.

Machi 10

Kesho, kasema.

Machi 13

Kila asubuhi baada ya chai Bi Mkubwa anakwenda kwenye korido kwa kupapasa, anashika fremu ya Daraja kwa mikono miwili, anasema, "Haya, nisomee."

Nami naisoma nikiwa kwenye kiti changu sebuleni, kikombe mkononi. Miwani sivai. Ya nini? Picha naijua kama kiganja changu. "Kuna matao matano," nasema, "na maji chini. Juu kuna vibanda. Kuna mzee wa kofia kainamia ukingo, hana kazi."

"Huyo ni wewe."

"Kuna mbwa. Kuna gari la mapipa. Na kuna mwanamke kabeba bata watatu."

"Bata hawapo," anasema.

"Wapo. Wamejificha nyuma ya mwanamke."

"Na mwanamke mwenyewe hayupo."

"Kwa hiyo bata wamejificha vizuri."

Jana bata walikuwa wawili, leo nimewaongeza. Anacheka mpaka anashika ukuta. Mchezo huu naupenda kuliko dawa zangu zote.

Machi 17

Nimemwaga ndoo. Mkwe wangu kapanda kuuliza kama tunahitaji ndoo ya pili. Nimemwambia ndoo tunazo, tunachohitaji ni fundi.

Mkwe wangu namwita Povu. Namwita hivyo akiwa hayupo, na akiwepo nasema kwa sauti ndogo. Nilitaka mkwe anayevaa tai, nikapata mkwe anayezifua. Mtu mzima, mabega mapana, kutwa nzima anakagua chupi za watu kwenye mwanga. Haongei. Ukimchokoza anatabasamu, na mtu anayetabasamu ukimchokoza anachosha sana.

Machi 24

Bi Mkubwa kashika Daraja leo, kasema kioo kina jasho.

Nikamjibu, "Watu wengi wanapita darajani leo."

Machi 25

Kesho.

Machi 29

Mvua, mvua, mvua. Mto umefika kwenye ngazi za soko la samaki. Nyumba inanuka uvundo. Bi Mkubwa anasema ni mimi.

Aprili 3

Leo sina utani, au ninao lakini haunichekeshi.

Baada ya chakula Bi Mkubwa alilala. Nikaenda kumwaga ndoo, kamba ya kiatu ikafunguka, nikainama, na nilipoinuka uso wangu ulikuwa mbele ya Daraja, karibu, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nikatoa miwani mfukoni.

Maji hayakuwa yanadondokea kwenye ndoo peke yake. Yalikuwa yanateremka na ukuta, polepole, nyuma ya fremu. Doa la rangi ya chai limeshuka kutoka angani mpaka kwenye matao. Mtoni kumeota kuvu ya kijivu. Na karatasi imejipachika kwenye kioo, imenata kama ulimi kwenye barafu. Mwezi mzima mke wangu amekuwa akiishika picha hii kila asubuhi na mimi nikimsomea, umbali wa hatua chache, na sikuinua kichwa hata mara moja. Nilikuwa nimeshughulika na bata.

Nikaishusha, nikaitoa kwenye fremu pamoja na kioo chake. Nikavuta pembe moja kidogo, na wino ukaanza kubaki kwenye kioo. Nikaacha. Nikaibeba kwapani, nikashuka dukani. Binti alikuwa amekwenda benki. Pasi ilikuwa mezani, ya moto. Nikawaza kwa akili yangu ya darasa la tano: shati bichi hukaushwa kwa pasi, na hii ni bichi. Nikailaza kifudifudi, nikainua pasi.

Povu alitokea nyuma na mafurushi. Aliyatupa. Hakupiga kelele, hakunivuta mkono. Aliweka kiganja chake juu ya karatasi, na pasi yangu ikatua juu ya mkono wake.

Niliinua haraka, lakini pasi ya dobi haina mchezo.

"Baba," kasema, "ukiipiga pasi itaganda na kioo. Haitatoka tena."

Akaenda kutia mkono kwenye maji ya baridi. Nikamfuata.

"Mama ataamka na kuiomba," kasema huku akigeuzageuza mkono kwenye ndoo. "Tutafute mtu anayejua." Halafu akasema, "Pole, baba."

Aliyeungua ni yeye, na pole nikapewa mimi.

Aprili 4

Povu kaweka kioo kipya na kadi nyeupe kwenye fremu, tumeitundika tena, mahali palepale, ili Bi Mkubwa akipapasa akute kitu. Ukuta tumeuzibia plastiki. Asubuhi kaishika. "Nisomee," kasema. Leo nilikwenda nikasimama kando yake, nikiitazama kadi nyeupe. Matao matano, nikasema. Maji.

"Na bata?"

"Leo hawajaja."

Kasema chai imekuwa nzuri siku hizi. Kweli, ninamchemshia mwenyewe, naweka tangawizi. Mtu mwenye hatia hupika vizuri.

Aprili 5

Binti anauliza kwa nini nimemsalimia mumewe kwanza kabla hajanisalimia. "Baba, unaumwa?"

Aprili 8

Tumekwenda maktaba kuu, Povu na mimi, picha na kioo chake ndani ya shuka safi la hoteli. Huko kuna mwanamke ambaye kazi yake ni kutibu karatasi. Mfupi, ana miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa mambo ya kusikitisha. Nitamwita Mama wa Karatasi. Aliiinamia picha muda mrefu, kama wenzake wanavyoinamia watoto.

"Kuna mtu alijaribu kuibandua?"

Nikafumba macho nikingoja.

"Kidogo tu kwenye pembe," kasema Povu. "Tukaacha." Hakunitazama. Kasema *tukaacha*. Ukarimu wa namna hiyo sijawahi kuuona ukitoka kwa mtu ambaye mkono wake umefungwa bandeji.

Mama wa Karatasi akatueleza. Wino wa mchoro kama huu umechanganywa na mafuta, kwa hiyo hauogopi maji. Na karatasi ya zamani hizo haikutengenezwa kwa miti kama hii ninayoandikia. Ilitengenezwa kwa matambara. Mashati yaliyochakaa, mashuka, mashimizi, yalikusanywa, yakaloweshwa, yakapondwa mpaka yakawa uji, uji ukachujwa, ukakauka, ukawa karatasi. "Hii, mzee wangu," kasema, "ni nguo."

Nikamtazama Povu. Povu alikuwa anaitazama picha kwa jicho lile analotazamia shati lenye mchuzi.

"Basi inafulika," kasema.

"Inafulika. Ila si kama unavyofua wewe. Hakuna sabuni, hakuna kusugua, hakuna kukamua. Maji na subira." Kisha akaonyesha nyuma yake. Chumba chao cha chini kimeingiliwa na mto. Majalada yamelala mpaka kwenye ngazi, yote mabichi, yote yanangoja. "Nikiipokea hapa itafikiwa mwakani."

Nikafikiria Aprili 26. Nadhani uso wangu ulisema kitu, kwa sababu Povu alianza kumwambia habari za Bi Mkubwa, jicho la kulia, na jibu lake kuhusu kitu cha kwanza anachotaka kukiona. Sikujua kwamba analijua hilo. Kumbe husikiliza.

Mama wa Karatasi akavua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani. "Una beseni pana kiasi gani?" akamuuliza.

Aprili 9

Fundi bati kapita mtaani na ngazi, akiwa anakwenda kwa mtu mwingine. Nimempungia mkono. Kanipungia.

Aprili 14

Jumapili. Duka limefungwa. Binti kamchukua mama yake kwenda kusukwa nywele ili tupate nafasi.

Mama wa Karatasi kaja na aproni yake na mkoba wa brashi laini. Povu alikuwa amesugua beseni la mablanketi mpaka unaweza kunywea uji. Maji aliyachemsha jana, akayachuja, akayaacha yapoe. Bandeji kaifungia mfuko wa plastiki. Wakaizamisha picha pamoja na kioo chake, kioo chini, mgongo wa karatasi juu, taratibu, kama unavyomuogesha mtoto mchanga ambaye kitovu hakijadondoka.

Mimi niliambiwa nikalie mikono yangu. Nilidhani ni msemo. Walimaanisha.

Tukangoja. Sijui kama kuna kazi ngumu kama hiyo. Mara tatu nilitaka kuinuka nisaidie kwa ukucha, na kila mara Mama wa Karatasi alisema bila kugeuka, "Kaa, mzee." Povu hakutikisika. Alisimama juu ya beseni akitazama maji, na mimi nikamtazama yeye, maana sikuwa na kingine. Nikaona jinsi anavyosimama: uzito kwenye miguu yote miwili, mabega yameshuka, kama mtu ambaye hajawahi kumwambia doa liondoke haraka. Miaka yote nimemwita mzito. Kumbe anangoja.

Kisha Daraja likajibandua lenyewe. Lilitetemeka pembeni, likaachia kioo, likaelea, na Mama wa Karatasi akaligeuza uso juu. Maji yakaanza kugeuka rangi, ya manjano kwanza, halafu ya chai kavu. Povu akayamwaga kwa kikombe, akaongeza mapya. Yakageuka tena. Uchafu wa mvua hii, na moshi wa jikoni la zamani, na vumbi la duka la vitabu, vyote vilikuwa vinatoka, na chini yake mistari ikawa inarudi, myembamba na myeusi.

"Baba," kasema Povu. "Njoo uone. Mikono nyuma."

Nikainama. Akaonyesha bila kugusa. Chini kabisa, ukingoni mwa mto, mahali ambapo siku zote mimi nilijua ni mawe, kulikuwa na wanawake wawili na mwanamume mmoja wamepiga magoti, wamekunja mikono ya nguo, na marundo kando yao.

"Wanafua," kasema. "Na sisi tumo."

Picha niliyoijua kama kiganja changu.

Doa halikutoka lote. Limebaki kivuli cha rangi ya maziwa angani, upande wa kushoto. Mama wa Karatasi kasema asingelikazania. Karatasi ikichoshwa haisemi, inachanika. Sasa Daraja limelala katikati ya karatasi za kufyonza maji, mbao juu, na juu ya mbao furushi la mapazia. Nimemwambia Mama wa Karatasi asante mpaka akanikataza. Kakubali tumfulie mapazia ya nyumbani kwake. Binti atayapiga pasi. Mimi pasi nimepigwa marufuku.

Aprili 15

Nilijaribu kumshukuru mkwe. Nilishuka, nikakohoa, nikasema, "Mwanangu."

Akainua kichwa kwa wasiwasi. "Baba, Povu tu inatosha," kasema.

Kumbe anajua. Tumecheka mpaka mteja akaondoka.

Aprili 21

Mvua haijakata tangu juzi.

Aprili 23

Redio inasema barabara ya daraja jipya imekatwa na maji. Magari hayavuki. Limebaki daraja letu la mawe, na hilo ni kwa waenda kwa miguu tu, mpaka wahandisi waseme. Hospitali wanasema wao wapo, madaktari wamelala hukohuko, atakayefika atahudumiwa.

Bi Mkubwa miguu yake inamfikisha kwenye korido na kurudi.

Aprili 24

Hakuna teksi. Mwenye bajaji kasema hata nikimpa binti yangu haendi. Nimemwambia binti yangu keshaolewa. Bi Mkubwa kasema kwa utulivu, "Basi tuache. Nimeona ya kutosha." Akasema kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Nikaenda kusimama kwenye korido mbele ya kadi nyeupe.

Aprili 25

Povu kapanda, kamuuliza mama mkwe wake uzito wake. Nilidhani sasa amechoka na heshima. Halafu akashuka, na jioni nzima nimesikia nyundo.

Aprili 26

Naandika hapa kwenye benchi la hospitali, kalamu nimeazima kwa muuguzi.

Lile toroli kubwa la nguo, la turubai, analobebea mashuka ya hoteli, Povu amelitia ubao chini, godoro la sponji juu ya ubao, mwavuli umefungwa kwenye nondo. Akambeba Bi Mkubwa ngazini kama blanketi la sufi, akamlaza ndani, akamfunika kwa turubai mpaka kidevuni. Binti kashika begi. Mimi nilipewa kazi ya kwenda mbele kutazama mashimo. Nimeyatazama yote.

Pale mwanzo wa daraja palikuwa na kamba na askari mmoja aliyelowa mpaka mifupa.

"Vyombo vya usafiri haviruhusiwi, mzee."

"Hiki si chombo," nikamwambia. "Ni kapu lenye magurudumu."

"Ndani kuna nini?"

Kabla sijatunga uongo, sauti ikatoka chini ya turubai. "Nguo chafu, mwanangu."

Askari akafuta uso kwa kiganja. Akatazama kapu, akamtazama Povu na bandeji yake, akageuka kuangalia mto upande mwingine kabisa, na huku amegeuka akainua kamba.

Daraja linatetemeka mto ukijaa. Unalisikia kwenye nyayo. Povu alisukuma taratibu, kifua kimeegemea, haachi gurudumu liruke jiwe. Tulipofika katikati Bi Mkubwa kasema, "Nisomee."

Nikafungua mdomo na bata walikuwa karibu kutoka. Nikavaa miwani. Nikaifuta mvua. Nikatazama.

"Maji ni ya rangi ya matofali," nikasema. "Yamefika mabega ya matao. Kuna gogo limekwama kwenye nguzo, na juu ya gogo kuna sufuria, haijapinduka, imekaa kama imewekwa jikoni. Ukingo una majani madogo yameota kwenye nyufa. Nguzo za taa zipo. Rangi imebanduka."

"Ulipaka vibaya."

"Nilikuwa natazama mwavuli."

Gurudumu likalia. Kisha kasema, "Na Daraja langu mmelianika wapi?"

Nilisimama. Povu naye akasimama. Binti kajifanya anafunga begi.

"Nyumba nzima ilinuka karatasi mbichi," kasema Bi Mkubwa. "Na fremu ile nikiigonga inalia kivingine. Mimi nimefuta vumbi la ile fremu ujana wangu wote, unanifanya mjinga?"

"Mbona hukusema?"

"Chai ilikuwa nzuri."

Nikamwambia yote, palepale kwenye mvua, pasi na yote. Alitoa mkono chini ya turubai, akautafuta mkono wa Povu kwenye mpini, akapapasa ile bandeji kidole kwa kidole. Kisha akagonga ubavu wa kapu, kama abiria anayemwambia dereva twende.

Wamemwingiza. Mlango una kioo kidogo juu, sikifikii.

Aprili 27

Wameifungua bandeji ya jicho saa nne. Daktari wa mikono laini kamwambia afumbue polepole. Tulisimama ukutani, binti, Povu na mimi.

Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Likazunguka. Likapita dirisha, likampita daktari, likanifikia mimi, likabaki. Alinitazama muda mrefu.

"Huyu mzee ni nani?" kasema.

Daktari akashtuka, akachukua karatasi zake.

"Tulia, daktari," kasema Bi Mkubwa. "Namjua. Nilikuwa nataka akohoe."

Nikakohoa. Sikuweza kufanya jambo jingine.

Halafu akamtazama Povu. Akamwita kitandani, akamfungua bandeji ya mkono, akatazama kovu, akasema, "Kumbe una sura nzuri. Huyu aliniambia unafanana na furushi."

Kweli nilisema.

Aprili 28

Tumerudi kwa kapu lilelile. Askari yuleyule. "Nguo zimetakata?" kauliza.

Mei 3

Povu kaleta Daraja. Limekauka, limenyooka, limerudi kwenye fremu yake. Tumelitundika sebuleni, kwenye ukuta mkavu, usawa wa macho yake akikaa. Bi Mkubwa kavuta kiti karibu mpaka pua inakaribia kioo. Jicho moja, miwani mipya, kidole kinafuata hewani.

"Mvua imenyesha humu pia," kasema alipofika kwenye kivuli cha angani. Hakulalamika. Kasema inapendeza, hapo awali mbingu ilikuwa tupu mno.

Akawaona wafuaji, akamwita Povu awaone tena. Akamwona mzee wa kofia. Akatafuta, akatafuta.

"Bata wako wapi?"

"Wamekwenda na mafuriko."

Kanipiga na gazeti. Ana shabaha sasa. Nashukuru hata kwa hilo.

Mei 12

Jua la kweli. Mto umerudi kitandani kwake, wameondoa kamba darajani. Fundi bati amekuja, na ngazi, anauliza panapovuja ni wapi. Nimemwambia paa zima linavuja, achague. Povu kampa chai.

Baada ya chai nilikaa kwenye kiti changu. Siku hizi herufi zangu zinakuwa kubwa humu daftarini, binti kaliona hilo kabla yangu. Daktari atanitazama mwezi ujao, naye kasema kwa umri wangu bado mapema kuogopa. Bi Mkubwa kasimama mbele ya Daraja.

"Leo zamu yako," kasema. "Fumba macho, nikusomee."

Nikafumba. Juu fundi bati alikuwa anagonga misumari, chini mashine ya Povu inazunguka.

"Kuna matao matano," kasema. "Kuna mzee wa kofia, hana kazi. Kuna mtu mwenye mabega anasukuma kapu. Ndani ya kapu kuna mwanamke, anacheka. Na nyuma yao," kasema, na nikamsikia akisogea karibu na kioo ili aone vizuri, "nyuma yao, bata."

"Wangapi?"

"Wengi. Wamejaa daraja zima."

Sikufumbua kuhakikisha.